Modeli ya karatasi ya chombo cha angani

Modeli ya karatasi ya chombo cha angani ni umbo dogo la chombo cha kusafiria anga za juu linalotengenezwa kwa kukata, kukunja na kubandika karatasi au kadi. Chombo kinachoigwa kinaweza kuwa cha kweli, kama roketi ya Saturn V au chombo cha utafiti Cassini, au kikawa kimebuniwa katika riwaya na filamu za bunilizi ya kisayansi, kama Enterprise ya Star Trek na Discovery One ya filamu 2001: A Space Odyssey. Makala hii inahusu hasa vyombo vya kubuniwa. Hivyo ndivyo vigumu zaidi kujenga, kwa kuwa waliovibuni hawakubanwa na upepo wala na gharama za mafuta, wakaweka minara, mabomba na mabawa popote walipotaka.

Kazi hii ni tofauti na origami, sanaa ya Kijapani ambayo karatasi moja hukunjwa bila kukatwa wala kutiwa gundi. Katika modeli, vipande huchorwa kwanza vikiwa bapa kwenye karatasi, halafu hukatwa na kuunganishwa. Modeli rahisi ya kumfurahisha mtoto ina vipande vichache na huisha kwa saa moja. Modeli ya chombo chenye mapambo mengi inaweza kuwa na vipande mamia na kumshughulisha mjenzi kwa miezi.

Historia

Wazo la kukunjua umbo la mche au piramidi likawa bapa ni la zamani. Mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer alichapisha mwaka 1525 kitabu cha upimaji ambamo maumbo ya pande nyingi yalionyeshwa yakiwa yamefunguliwa kama boksi lililobomolewa. Kabla yake, mwaka 1507, Martin Waldseemüller alichapa ramani ya dunia katika vipande 12 vyembamba vilivyochongoka ncha zote mbili, ili vikatwe na kubandikwa juu ya mpira vitoe tufe la dunia. Ufundi wake ndio unaotumika hadi leo katika kutengeneza sehemu za mviringo za chombo cha angani.

Katika karne ya 19 wachapaji wa Épinal nchini Ufaransa na kampuni ya Schreiber ya Esslingen, Ujerumani, waliuza karatasi zenye picha za majumba, meli na treni za kukatwa na watoto. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia vitu vya kuchezea vya chuma viliadimika, na modeli ndogo za kadi ziliuzwa sana Uingereza. Nchini Poland jarida la Mały Modelarz, lililoanza mwaka 1957, limewalea wajenzi wengi kwa kuchapa modeli nzima ndani ya kila toleo.

Intaneti ilibadili mambo. Maabara ya JPL ya shirika la NASA la Marekani imetoa bure michoro ya vyombo vyake vya kweli, kama Cassini na Voyager, ili wanafunzi wachape na kujenga. Programu ya Kijapani iitwayo Pepakura humwezesha mtu kuchukua mchoro wa pande tatu uliotengenezwa kwenye kompyuta na kuukunjua kuwa vipande bapa. Tangu hapo karibu kila chombo kilichoonekana katika filamu kimepata modeli yake ya karatasi.

Vyombo vya filamu na vikorokoro vyake

Enterprise ya mfululizo wa televisheni ulioanza mwaka 1966 ina sura safi: sahani moja kubwa, mwili wa mviringo na mabomba mawili marefu ya injini. Modeli iliyopigwa picha ilikuwa na urefu wa mita 3.4, kwa sehemu kubwa ya mbao, na tangu 1974 imekuwa mali ya taasisi ya Smithsonian mjini Washington. Kwa mjenzi wa karatasi usafi huo ni mtego, maana hakuna pambo la kuficha kiungo kilichokaa vibaya.

Filamu ya 2001: A Space Odyssey iliyotolewa mwaka 1968 na Stanley Kubrick ilileta mtindo mwingine. Ngozi ya chombo ilijazwa vijisanduku, mabomba na vifuniko vingi ili mtazamaji aamini kwamba ni mtambo mkubwa mno. Star Wars ya mwaka 1977 iliendeleza mtindo huo. Mafundi wake walinunua maboksi ya modeli za plastiki za vifaru, ndege na manowari, wakachukua vipande vyake na kuvibandika juu ya vyombo vyao. Chombo cha Millennium Falcon kilibuniwa upya baada ya sura ya kwanza kuonekana kufanana mno na chombo Eagle cha mfululizo wa Space: 1999.

Vikorokoro hivyo ndivyo humchosha mjenzi. Hata hivyo vina siri moja ya kutia moyo: vilianza kama vipande vya kawaida vilivyookotwa kutoka vitu vingine, na kila kimoja kikitazamwa peke yake ni kijisanduku, kibomba au kipande cha pia. Chombo kinachotisha kwa mbali ni mkusanyiko wa maumbo ambayo mwanafunzi wa sekondari ameshayasoma.

Huku Tanzania vyombo hivi vilichelewa kufahamika. Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973. Katika miji kama Mbeya na Iringa watu wengi walivijua kwanza kupitia mikanda ya vibanda vya video, mara nyingi bila kujua jina la filamu.

Jiometri

Karatasi haitanuki. Inaweza kukunjwa ikawa na kona, kuviringishwa ikawa bomba, au kuzungushwa ikawa pia, lakini haiwezi kufunika tufe bila kukunjamana au kupasuka. Mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss alithibitisha jambo hilo mwaka 1827, ila kila aliyewahi kufunga mpira kwa karatasi ya zawadi amelishuhudia. Kanuni hii moja ndiyo huamua chombo kitakatwaje. Umbo bapa linalopatikana kwa kufungua umbo la pande tatu huitwa hapa mkunjuo.

Miche na masanduku ni rahisi, na mkunjuo wake ni kama ule wa boksi la dawa ya meno. Kinachohitaji uangalifu ni ndimi, yaani vipande vya pembeni vinavyopakwa gundi. Upana wa milimita 5 hutosha kwa vipande vikubwa, na milimita 2 au 3 kwa vidogo. Ulimi hukatwa mshazari kwenye ncha zake ili usigongane na wenzake ndani ya kona.

Bomba, yaani mcheduara, hutokana na mstatili. Upana wa mstatili ni mzingo wa duara: bomba la kipenyo cha sentimita 3 linahitaji sentimita 9.42, ukiongeza ulimi. Hapa unene wa karatasi hauwezi kupuuzwa. Bomba la nje likitakiwa kuvalishwa juu ya lingine, na kadi ikiwa na unene wa milimita 0.3, kipenyo huongezeka kwa milimita 0.6 na mzingo kwa karibu milimita 1.9. Mjenzi aliyesahau milimita hizo mbili atakuta bomba la nje linagoma kuingia, atalilazimisha, na litapasuka kwenye ulimi.

Midomo ya injini za chombo karibu yote ni pia au pia zilizokatwa ncha. Mkunjuo wa pia ni kipande cha duara kubwa ambalo nusu kipenyo chake ni urefu wa mteremko wa pia. Pembe ya kipande hicho hupatikana kwa kuzidisha 360 kwa nusu kipenyo cha kitako, kisha kugawa kwa urefu wa mteremko. Pia yenye kitako cha nusu kipenyo cha sentimita 3 na mteremko wa sentimita 9 hukatwa kutoka pembe ya digrii 120, yaani theluthi moja ya duara.

Kwa pia iliyokatwa ncha, hesabu ina hatua moja zaidi. Tuseme mdomo wa injini una nusu kipenyo cha sentimita 4 upande mpana, sentimita 2 upande mwembamba, na kimo cha sentimita 4.8. Tofauti ya nusu vipenyo ni 2, hivyo kwa kanuni ya Pythagoras mteremko ni kipeuo cha pili cha 4 + 23.04, ambacho ni sentimita 5.2. Pia nzima, kabla ya kukatwa ncha, ingekuwa na mteremko wa 5.2 × 4 ÷ 2, yaani sentimita 10.4. Kwa bikari huchorwa matao mawili kutoka kituo kimoja, moja la sentimita 10.4 na jingine la sentimita 5.2, na pembe kati ya mistari ya pembeni huwa 360 × 4 ÷ 10.4, karibu digrii 138.5. Ulimi huongezwa upande mmoja.

Anayeishi mjini hahitaji kwenda mbali kuona hesabu hii ikifanya kazi. Faneli, kopo la kumwagilia bustani na kibatari hutengenezwa na mafundi bati kwa mkunjuo huohuo. Wengi wao hawaandiki namba yoyote. Wana kiolezo cha kadi au bati kilichochakaa, na hukizungushia alama kwa msumari. Bati, kama karatasi, hukunjika lakini halitanuki likiwa mikononi mwa mtu asiye na mashine. Ndiyo maana chombo cha karatasi na faneli ya mafuta ya taa ni ndugu.

Tufe ndilo gumu. Njia ya kawaida ni ile ya Waldseemüller: kugawa tufe kuwa vipande vinavyofanana na vya chungwa. Tufe la kipenyo cha sentimita 6 lina mzingo wa sentimita 18.85. Likigawanywa mara 12, kila kipande kina urefu wa sentimita 9.42 kutoka ncha hadi ncha, na upana wa sentimita 1.57 katikati. Upana huo hupungua kuelekea nchani kwa kufuata kosaini ya latitudo: kwenye digrii 30 ni sentimita 1.36, na kwenye digrii 60 ni sentimita 0.79. Vipande vikiwa vichache tufe huonekana kama boga. Vikiwa vingi mno, viungo vyenyewe huleta ukungo usiopendeza. Njia ya pili ni kulikata tufe kwa mikanda ya mlalo, kila mkanda ukiwa pia iliyokatwa ncha. Hii hufaa zaidi kwa sahani kama ya Enterprise.

Karatasi na vifaa

Karatasi ya kawaida ya fotokopi yenye gramu 80 kwa mita ya mraba ina unene wa karibu milimita 0.1, na ukurasa mmoja wa A4 una uzito wa gramu 5. Hufaa kwa vibomba vyembamba na mapambo, lakini kwa mwili wa chombo ni legevu mno. Karatasi za gramu 160 hadi 200 ndizo zinazopendwa. Katika maduka ya vifaa vya shule kinachopatikana kwa urahisi ni manila, ambayo ni nzuri kwa masanduku na pia, ingawa unene wake hutofautiana kutoka rangi moja hadi nyingine. Maboksi ya majani ya chai na ya dawa ya meno ni kadi bora kabisa kwa mifupa ya ndani, na hayanunuliwi.

Nyanda za Juu Kusini ni mahali ambapo karatasi yenyewe hutengenezwa. Kiwanda cha Mgololo wilayani Mufindi, kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 1980 kwa jina la Southern Paper Mills na ambacho sasa huitwa Mufindi Paper Mills, kinategemea misonobari ya shamba la miti la Sao Hill. Msonobari una nyuzinyuzi ndefu, za karibu milimita 3, na kwa sababu hiyo hutoa karatasi imara ya kahawia inayotumika kwa mifuko na vifungashio. Karatasi hiyo haifai kuchapwa picha za rangi, lakini haipasuki inapokunjwa mara nyingi, na kwa uti wa ndani wa modeli ni vigumu kupata iliyo bora kuliko hiyo kwa bei yake.

Kila karatasi ya kiwandani ina mwelekeo, kwa kuwa nyuzinyuzi nyingi hulala upande mmoja wakati wa kutengenezwa. Ili kuujua, kipande kidogo hulowanishwa upande mmoja. Kitajikunja chenyewe kuwa mfereji, na mfereji huo hulala sambamba na nyuzinyuzi. Mabomba huviringishwa vizuri yakifuata mfereji huo. Yakiviringishwa kinyume hujaa mikunjo midogo ambayo hakuna gundi inayoweza kuiondoa.

Hali ya hewa ina neno lake. Mbeya na Iringa ziko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mvua hunyesha takriban kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Tukuyu, upande wa Rungwe, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Katika miezi hiyo karatasi hunyonya unyevu na kuongezeka upana, hivyo vipande vilivyokatwa leo vinaweza visilingane na vilivyokatwa mwezi wa Agosti. Wajenzi wenye busara hukata vipande vyote vya sehemu moja kwa siku moja, na kuhifadhi karatasi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Miezi ya baridi kavu, Juni na Julai, ni mizuri kwa kazi hii, isipokuwa vidole hukosa wepesi.

Uchapaji nao una mitego yake. Wino wa maji wa baadhi ya printa huchuruzika gundi inapougusa. Wino wa unga wa printa za leza hauchuruziki, lakini hubanduka penye mikunjo na kuacha mstari mweupe. Mstari huo huzibwa kwa penseli ya rangi, na ncha zote nyeupe za karatasi hupakwa rangi kabla ya kubandikwa. Kazi hiyo ya dakika chache ndiyo hutenganisha modeli inayoonekana kama mtambo na ile inayoonekana kama karatasi.

Vifaa vingine ni vya nyumbani. Wembe au kisu chenye makali mapya hukata mistari iliyonyooka kwa kuongozwa na rula ya chuma. Rula ya plastiki huliwa na wembe. Mkasi hutumika kwa matao. Kalamu ya biki iliyokwisha wino ni chombo bora cha kukandamiza mstari wa mkunjo, kwani haikati karatasi. Spoku ya baiskeli na kijiti cha mshikaki hutumika kuviringishia vibomba, na kijiti cha meno kupakia gundi. Gundi nyeupe ya maseremala ndiyo inayofaa zaidi. Hupakwa kidogo sana, kwani maji yake huikunjamanisha karatasi. Uji mzito wa unga wa muhogo au wa ngano hushika vizuri pia, lakini huchelewa kukauka.

Ujenzi wa Discovery One

Discovery One ni mfano mzuri wa kujifunzia kwa sababu inakusanya maumbo yote yaliyotajwa. Mbele kuna tufe ambamo wanaanga huishi, nyuma kuna injini, na kati yake uti mrefu mwembamba uliojaa visanduku vinavyojirudia. Katikati ya uti husimama antena za sahani. Modeli kubwa iliyotumika katika filamu ilizidi mita 15. Katika karatasi, tufe la sentimita 6 hutoa chombo cha zaidi ya nusu mita.

Kazi huanzia kwenye uti. Kijiti kirefu, au bomba la karatasi lililoviringishwa mara nyingi juu ya spoku, huwekwa ndani kama mfupa, maana uti wa kadi pekee utapinda kwa uzito wa tufe ndani ya wiki chache. Visanduku hubandikwa juu ya mfupa huo. Hapa ndipo modeli nyingi huharibikia. Kila kisanduku kikizidi kwa nusu milimita tu, visanduku 20 vitazidi kwa sentimita nzima, na cha mwisho hakitapata nafasi. Dawa yake ni kutopanga kisanduku kwa kukiegemeza kwenye kile kilichotangulia. Mfupa huwekewa kwanza alama zote kwa rula, kutoka ncha moja, na kila kisanduku huwekwa kwenye alama yake hata kama ufa mdogo utabaki. Ufa wa nusu milimita hauonekani ukiwa baina ya visanduku viwili. Sentimita moja iliyolundikana mwishoni huonekana na kila mtu.

Tufe hujengwa kwa nusu mbili. Vipande vya chungwa huviringishwa kwanza juu ya kiganja kwa mgongo wa kijiko ili vipate mgeuko, halafu hubandikwa kimoja kimoja kwa ukanda mwembamba wa karatasi upande wa ndani. Duara la kadi huwekwa katikati kama sakafu ili nusu hizo zisilegee, nalo hutobolewa shimo la kupitishia mfupa. Kipande cha mwisho hakikatwi mpaka nafasi iliyobaki ipimwe, kwa sababu si ajabu ikawa imepungua.

Antena ni pia fupi sana zenye pengo dogo: duara lililokatwa na kuondolewa kipande chembamba, likafungwa. Midomo ya injini hufuata hesabu ya pia iliyokatwa ncha. Vikorokoro hubandikwa mwisho, kuanzia vikubwa kwenda vidogo. Mjenzi asiye na michoro ya kuchapa anaweza kuvitengeneza kwa mabaki ya kadi yaliyopangwa tabaka mbili au tatu. Tabaka moja huonekana kama karatasi, tabaka tatu hutoa kivuli, na kivuli ndicho jicho hukiona kama chuma.

Kipimo hutakiwa kuamuliwa mapema. Falcon, ambayo katika hadithi ina urefu wa karibu mita 35, kwa kipimo cha 1:144 huwa na sentimita 24, na vikorokoro vyake vingi hushuka chini ya milimita 2. Anayeanza hufanya vizuri kuongeza ukubwa badala ya kupunguza. Makosa ya wembe hayakui pamoja na modeli.

Matumizi shuleni

Nyanda za Juu Kusini zina historia ndefu ya elimu ya ufundi. Shule ya ufundi ya Ifunda mkoani Iringa ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Iyunga mjini Mbeya ni miongoni mwa sekondari za ufundi za serikali. Katika shule za aina hiyo, na katika vyuo vya VETA, kukunjua maumbo ni sehemu ya uchoraji wa kiufundi na kazi za bati. Shule nyingi za kawaida hazina somo hilo wala karakana yake, na huko modeli ya karatasi inaweza kuziba pengo.

Katika muhtasari wa hisabati uliotumika kwa miaka mingi, dunia kama tufe ilifundishwa kidato cha tatu na maumbo ya pande tatu kidato cha nne. Mara nyingi mwanafunzi hukariri kwamba urefu wa mstari wa latitudo hupatikana kwa kuzidisha mzingo wa dunia kwa kosaini ya latitudo, akaufanyia mtihani, akausahau. Aliyekata vipande 12 vya tufe la Discovery ameitumia kosaini hiyohiyo kwa wembe, na akiikosea tufe halifungi. Ubao hauna njia ya kumwambia hivyo.

Uti wenye visanduku vinavyojirudia hufaa pia kwa madarasa makubwa. Kila mwanafunzi hutengeneza kisanduku kimoja kwa vipimo vilivyoandikwa ubaoni, kisha vyote huunganishwa. Kosa hujitokeza lenyewe bila mwalimu kulitaja, na ni vyema asilitaje, maana aliyekosea huwa ameshajua. Mabishano yanayofuata juu ya rula ya nani ilianza kupimia kwenye ukingo badala ya kwenye sifuri ni somo la vipimo ambalo halimo katika kitabu chochote cha kiada.

Wanafunzi wa ukanda huu wana sababu nyingine ya kuulizia mambo ya anga. Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma la urefu wa karibu mita 3 linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, kipo katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na hutembelewa na wanafunzi. Maswali yanayoulizwa kando ya kimondo hicho, kuhusu jinsi kitu kinavyosafiri ambako hakuna hewa, hujibiwa vizuri mtu akiwa na modeli mkononi: kwa mfano, kwa nini Discovery One haina mabawa wala pua iliyochongoka.

Hakimiliki

Michoro ya vyombo vya filamu ni mali ya waliovibuni au kampuni zao. Nchini Tanzania kazi za sanaa hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo inalinda pia kazi za kigeni kwa mujibu wa mikataba ya kimataifa. Kujijengea modeli moja nyumbani ni jambo tofauti na kuchapa michoro hiyo na kuiuza. Michoro ya NASA kwa kawaida hairuhusiwi kutumiwa kana kwamba shirika hilo limeidhinisha bidhaa fulani, lakini matumizi ya darasani hayana tatizo. Shule inayotaka kuuza kazi za wanafunzi kwenye maonyesho hufanya vizuri zaidi kuwaachia wabuni chombo chao wenyewe, jambo ambalo si gumu kwa aliyekwisha kujua mkunjuo wa mche, bomba, pia na tufe.

Utunzaji

Modeli iliyokamilika hupakwa vanishi nyembamba isiyong'aa, kwa mipulizo kadhaa myepesi; mpulizo mmoja mzito huilowanisha karatasi na kuipindisha. Vumbi la kiangazi huondolewa kwa brashi laini ya rangi, si kwa kitambaa, kwani kitambaa hunasa antena na kuzing'oa. Chombo chenye uti mrefu hushikiliwa sehemu mbili, chini ya tufe na karibu na injini, ama huning'inizwa kwa uzi. Kisiwekwe juu ya dirisha, kwa kuwa jua hufifisha rangi. Modeli zilizobandikwa kwa uji wa unga huvutia mende, ambao huula ulimi kutoka ndani bila dalili yoyote kuonekana nje mpaka siku sehemu inapoachia. Hizo huhifadhiwa ndani ya boksi lenye kifuniko.